Cheti cha BRELA si leseni: namna ya kukagua uwekezaji kabla ya kutoa hela

Anayetaka hela yako huanza na karatasi: cheti cha BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ya halmashauri. Mara nyingi zote ni halali. Ila hakuna hata moja inayomruhusu kukusanya fedha za watu na kuwaahidi faida. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni ipo, basi.

Anza kwa kumuuliza: nanunua nini hasa? Hisa, hatifungani za kampuni (unaikopesha hela, inakulipa riba) na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja viko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Amana za benki husimamiwa na Benki Kuu, SACCOS zina Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na bima ina mamlaka yake, TIRA. Akikwambia "huu ni mfumo mpya, hauingii kote huko", rudisha pochi mfukoni.

Ikiwa ni suala la CMSA, usimwombe yeye nakala ya leseni. Picha ya leseni hutengenezwa kwa simu. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya CMSA, si kupitia kiungo alichokutumia, ufungue orodha ya wenye leseni. Linganisha jina herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hupenda kuchukua jina la kampuni inayojulikana na kuliongezea neno moja mwishoni. Kisha tazama aina ya leseni. Hapo ndipo wengi huruka. Mshauri wa uwekezaji ameruhusiwa kushauri. Kukununulia hisa sokoni ni kazi ya dalali.

Kwa hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), dalali hukufungulia akaunti ya CDS, ambamo hisa zako huwekwa kwa njia ya kielektroniki. Nenda na kitambulisho cha NIDA na taarifa za akaunti yako ya benki, na hakikisha majina yanafanana. NIDA ikisema Mwanaidi na benki ikasema Mwanahidi, usumbufu utauona siku ya gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni.

Hela ya kununulia iingie kwenye akaunti ya benki ya kampuni ya dalali. Usiitume kwenye namba ya simu ya mfanyakazi wake, hata akisema anakuharakishia. Soko linaweza kuwa safi kabisa na hela yako ikaishia hapo hapo kaunta.

Baada ya kununua, dai hati ya manunuzi inayoonyesha idadi ya hisa, bei, kamisheni na kila tozo. Tuseme umenunua hisa 500 kwa shilingi 600: hiyo ni 300,000, halafu kamisheni na tozo huongezwa juu yake. Malipo ya soko yakishakamilika, omba taarifa ya akaunti yako ya CDS. Lazima isomeke 500, kwa jina lako. Ikisoma pungufu, au hisa hazipo kabisa, andika barua siku hiyo hiyo. Maneno ya mdomo hayana tarehe.

Hisa zikiuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, kuna waraka wa matarajio ulioidhinishwa na CMSA. Ruka picha za wakurugenzi. Soma fedha zitatumika wapi, vihatarishi, kesi zilizopo mahakamani, na biashara ambazo kampuni inafanya na wakurugenzi wake au ndugu zao. Idhini ya CMSA maana yake ni kwamba taarifa zinazotakiwa zimetolewa. Haisemi bei ni nzuri: hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa shilingi 850 mwaka 2017, na baadaye zikauzwa sokoni chini ya hapo.

Nje ya soko mambo hubadilika. Sheria ya Makampuni ya 2002 inaipa kampuni binafsi ukomo wa wanahisa 50, na inaizuia kualika umma kununua hisa zake. Kwa hiyo kampuni binafsi inayotangaza hisa kwenye makundi ya WhatsApp imekwishajikamatisha yenyewe. Kama ni shemeji anayefungua kiwanda cha maziwa na anakutaka wewe tu, hilo linaruhusiwa, ila kazi ya mdhibiti unaifanya wewe. Lipia upekuzi BRELA uone wanahisa na wakurugenzi waliosajiliwa. Omba hesabu zilizokaguliwa. Soma katiba ya kampuni kipengele cha kuhamisha hisa: ukitaka kutoka, nani atazinunua, na bei itapangwaje? Jina lako liingie kwenye daftari la wanahisa. Risiti ya M-Pesa haikufanyi mwanahisa.

Halafu piga hesabu ya ahadi. Asilimia 30 kwa mwezi, faida ikirudishwa ndani, hugeuza laki moja kuwa takriban 2,330,000 kwa mwaka. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka mzima, kabla haijashushwa hadi 12.56 mwaka 2022. Hakuna biashara ya kuku inayoziba pengo hilo. Linazibwa na hela ya anayeingia baada yako. Huo ndio upatu wa kitapeli. DECI, taasisi iliyokusanya hela za watu kwa mtindo huo, iliuita kupanda mbegu na kuvuna, mpaka serikali ilipoizuia mwaka 2009. (Mchezo wa kinamama mtaani, ambao nao huitwa upatu, ni kitu kingine: kila mtu anapokea kile kile alichochanga, kwa zamu.)

Ukiwa na malalamiko dhidi ya dalali, mwandikie yeye kwanza na umpe muda wa kujibu. Akikaa kimya, nenda CMSA ukiwa na hati ya manunuzi, uthibitisho wa malipo kutoka benki, taarifa ya CDS na barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wape nakala, karatasi halisi baki nazo.