Kumjua aliyetengeneza panga lako kuukuu

Weka tupa chini, na grinda usiiguse. Panga la zamani la kwanza kununua, kwenye lundo la vyuma chakavu pale Igoma, Mwanza, nililipeleka moja kwa moja kwenye grinda. Likang'aa kama sahani ya harusi. Kesho yake mzee mmoja wa Ukerewe akaligeuza mkononi mara mbili, akaniuliza, "Jina lake umelipeleka wapi, kijana?" Sikuwa na jibu, maana jina lilikuwa limebaki vumbi sakafuni.

Mfano wetu leo ni panga aliloniletea mama mmoja wa Sengerema. Alivuka nalo kwa pantoni ya Kamanga, limeviringishwa kwenye kiroba. Lilikuwa la marehemu baba mkwe wake, na shida yake ilikuwa kunolewa tu. Mimi ndiye niliyeona kivuli cha herufi chini ya kutu.

Hatua ya 1: Tafuta mahali pa chapa

Chapa ya kiwandani mara nyingi hukaa kwenye bapa, jirani na mpini, kwa sababu hapo tupa haifiki na makali hayaliki. Kagua pande zote mbili. Ukiona maandishi yamekatwa katikati, huenda mpini mpya umepandishwa juu yake. Mafundi tunapenda sana kufanya hivyo. Lakini usiung'oe bado, soma kwanza kinachoonekana.

Hatua ya 2: Lainisha kutu

Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, kilaze juu ya eneo la chapa, funika na kipande cha nailoni, uache hadi asubuhi. Kisha sugua taratibu na mswaki wa zamani. Penye kutu sugu, parua kwa ncha ya waya wa shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha panga, haiachi mikwaruzo. Msasa hapana. Stilwaya hapana. Limau wengi hulisifu, na kweli linakula kutu, ila halichagui. Chapa nyingine zimegongwa kwa nguvu na zina kina, nyingine zimechorwa kwa asidi na ni nyembamba kama ukungu wa kioo. Hizi za pili ukizilaza kwenye limau usiku mzima, umezifuta.

Hatua ya 3: Soma kwa mwanga wa ubavuni

Hapa ndipo pana utamu wa kazi. Ingia ndani, funga dirisha, washa tochi ya simu. Usiimulike chapa kutoka juu. Ilaze tochi iwe karibu kugusa chuma, mwanga upite sambamba na bapa. Kila herufi itatupa kivuli chake. Zungusha panga polepole, maana herufi isiyoonekana mwanga ukitoka kushoto hujitokeza ukitoka upande wa ncha. Piga picha kila pembe.

Kama chapa ni ya kugongwa, weka juu yake karatasi ya daftari la shule, upitishe penseli kwa ubavu, bila kukandamiza. Panga la mama lilinipa hivi: juu DALE, chini yake BIRM, na katikati mkia wenye meno kama msumeno.

Hatua ya 4: Tafuta mashahidi watatu

Mkia ule ni wa mamba. Ralph Martindale wa Birmingham, Uingereza, alitumia mamba kama nembo, hata kiwanda kikaitwa Crocodile Works. Kipande cha jina, kipande cha mji na mkia wa mnyama vilikubaliana, nikaridhika. Mamba peke yake asingetosha. Chillington ya Wolverhampton nayo iliweka mamba kwenye majembe yake, na picha ya mnyama ndiyo kitu rahisi kuiga kuliko vyote. Nikiambiwa "hili ni la mamba, original", huwa naomba kuonyeshwa jina la mji.

Kuiga chapa si jambo la jana. Collins, kampuni ya Marekani iliyoanza 1826 huko Connecticut, iliigwa mpaka ikaenda kushtaki waigaji katika mahakama za Uingereza miaka ya 1850. Baadaye ikaongeza kwenye chapa neno Legitimus, yaani halali, pamoja na taji na mkono ulioshika nyundo. Kampuni hiyo ilifungwa 1966.

Hatua ya 5: Kadiria umri

Jina la nchi lina msaada mkubwa. West Germany ni kati ya 1949 na 1990. Czechoslovakia haiwezi kuwa kabla ya 1918. Ukikuta alama ya mshale mfupi mpana, kama unyayo wa kuku, pamoja na mwaka kama 1943, hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza, panga la jeshi. Vijana wa Tanganyika walikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki) wakati huo, wengine walifika hadi Burma, kwa hiyo usishangae likitoka kwenye dari ya nyumba ya mtu. Mwaka huo ni wa kutengenezwa, si wa kununuliwa.

Tarakimu kama 18 au 22 zisikudanganye kuwa ni mwaka. Pima panga kwa inchi kwanza, huenda ni urefu wake.

Kama hakuna chapa kabisa

Pitisha vidole juu ya bapa. Unene unaopanda na kushuka, na vishimo vya nyundo, ni kazi ya mhunzi, mara nyingi kutoka springi ya gari. Usilidharau. Upande huu wa ziwa, Warongo wa Geita na Biharamulo walifua majembe ya Wasukuma kabla ya meli yoyote ya Ulaya kuleta chuma.

Mpini niuache mwisho, kwa kuwa ni shahidi wa uongo. Panga moja huvaa mipini mitatu minne katika maisha yake. Hili la mama lilikuwa na mpini wa mwembe na misumari ya nyumba badala ya ribiti.

Nilimwonyesha karatasi ya penseli, nikamweleza habari za Birmingham na mamba. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ahsante baba, sasa linoe. Nina mihogo inaningoja, na pantoni haisubiri mtu." Nikanoa kwa jiwe, nikaacha upana wa vidole vinne karibu na mpini, penye chapa, bila kuugusa, nikapaka hapo mafuta ya kula kidogo. Karatasi aliikunja akaitia kwenye pochi.