Brokoli ya sufuria moja: maji kidogo, dakika chache

Brokoli ni ndugu ya kabichi na sukuma wiki, ila kuchemshwa haivumilii. Ukiitosa kwenye sufuria iliyojaa maji, vichwa vyake vinafyonza maji kama sifongo, na utamu wote unaumwaga na maji ya kuchuja. Inayoifaa ni mvuke wa maji kidogo, kisha unaiunga humo humo.

Kwa watu watatu au wanne: brokoli 1 ya gramu 500 hivi, maji mililita 100, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vikubwa 2, kitunguu saumu punje 3, na nusu limau. Sufuria iwe pana, sentimita 26 au zaidi, yenye mfuniko unaobana.

1. Chagua iliyofumbata, ya kijani kilichokolea. Ikianza kuingia njano, maua yanataka kuchanua na uchungu upo tayari. Viwavi wa kijani hujificha ndani ya vishada, na kusuuza tu hakuwatoi. Koroga kijiko kikubwa 1 cha chumvi kwenye lita 1 ya maji, iloweke kichwa chini dakika 10, itikisetikise, ndipo uisuuze.

2. Kata kuanzia upande wa shina. Kisu kiguse shingo ya kishada tu, halafu pasua kwa mikono; kisu kikipita juu ya kichwa, chembe zinapukutika na kuungua sufuriani. Vipande viwe vya sentimita 4. Shina usilitupe, ndilo tamu kuliko vyote. Limenye mpaka uone nyama ya ndani, nyeupe yenye ukijani, isiyo na nyuzi, kisha ulikate slesi za nusu sentimita.

3. Injika maji na chumvi mpaka yachemke kwa nguvu. Tia slesi za shina, funika dakika 1. Panga vishada juu, funika tena dakika 3, na usifunue kuchungulia, maana mvuke ndio unaopika. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yakolee kwanza. Chomeka ncha ya kisu kwenye shingo ya kishada: iingie kwa kusukumwa kidogo.

Hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Kijani kile kinachong'aa hakidumu zaidi ya dakika 5 hadi 7. Joto likishalegeza mboga, asidi iliyo ndani yake inaifikia klorofili, yaani kile kinachoipa mboga ukijani, na rangi inafifia kuwa ya zeituni. Salfa iliyomo nayo inaanza kutoa harufu ya kabichi iliyokaa sana motoni. Wapo wanaotia magadi ili kijani kibaki, kama wafanyavyo kwenye kisamvu. Rangi inabaki kweli, lakini brokoli inarojeka na vitamini C inapotea. Kisamvu ni kigumu, kinahitaji kulainishwa. Brokoli hata kidogo. Na kwa ajili ya asidi hiyo hiyo, limau lisubiri mwisho.

4. Funua, maji yakauke kabisa. Sikiliza: mlio wa kutokota unageuka kuwa wa kuchachatika. Ukiharakisha, mafuta yatakurukia na brokoli itabaki tepetepe. Isogeze pembeni, mimina mafuta katikati, tia kitunguu saumu kilichokatwakatwa, sekunde 30 tu. Kikiwa kahawia kitaitia mboga nzima uchungu. Changanya, halafu usiiguse kwa dakika 1 na nusu, ipate madoa ya kahawia upande wa chini.

5. Epua, kamulia limau, pakua mara moja kwenye sahani pana. Ikiachwa sufuriani imefunikwa, inaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe.

Ukiitaka ya nazi, acha limau. Baada ya hatua ya 4 mimina tui zito mililita 100, punguza moto, usifunike, koroga taratibu dakika 2 tui lisikatike.