Kutafuta Hitilafu za Breki na Springi katika Pikapu Kuukuu
Pedali ya breki inayozama taratibu wakati umeikanyaga, ilhali hakuna mafuta yanayovuja nje, mara nyingi huashiria kwamba mipira ya ndani ya masta silinda (pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki) imechakaa; ikiwa laini lakini hukaza unapoikanyaga mara kadhaa, yaelekea hewa imeingia kwenye mabomba na ni lazima itolewe. Gari likivutia upande mmoja unapofunga breki, chunguza pia hosi (mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu), kwani ya zamani huweza kuziba kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Nakusihi usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki pekee. Springi za nyuma zikaguliwe kwa tochi ili kuona nyufa. Gari likiendelea kudunda baada ya kukandamizwa pembeni na kuachiwa, badilisha shokomzoba zote mbili za ekseli hiyo (mhimili unaobeba magurudumu ya pande zote mbili).