Land Cruiser ya Kulala Inayumba? Usikimbilie Springi

Land Cruiser 78 au 79 ikishafungwa hema juu, friji, tangi la maji na makabati nyuma, haiwi tena gari lile lililotoka kiwandani. Kwenye kona inalala. Ikipishana na basi inasukumwa kisha inavutwa. Kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, mkia unakimbilia pembeni. Gereji nyingi zina jibu moja tu: funga springi ngumu. Springi ngumu hulifanya gari lisimame vizuri pale yadini, lakini ugonjwa hubaki palepale, na mara nyingine huongezeka, kwa sababu gari likiinuka usukani unakuwa mwepesi na kuanza kutangatanga.

Maelezo haya ni ya magari ya familia ya 70, ambamo 78 na 79 zimo, yenye koili mbele na springi za bapa nyuma, yaani ya kuanzia 1999. Ya kabla ya hapo yana bapa mbele na nyuma. Karibu kila kitu hapa kinayahusu pia, isipokuwa rodi ya panhard na mikono ya mbele, ambavyo hayana, na kasta (mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona), ambayo kwao hurekebishwa kwa kabari zinazowekwa kati ya springi na ekseli.

Mizani kwanza

Lipime gari likiwa na mzigo wa safari hasa: matangi ya dizeli yamejaa, maji yamejaa, watu wamekaa, mpaka mtungi wa gesi uwepo. Panda mizani na ekseli ya mbele peke yake, halafu gari zima, halafu ya nyuma peke yake. Mizani ya ghala la nafaka inatosha. Linganisha na uzito unaoruhusiwa kwenye kibati cha gari. Ukiwa umeuvuka, punguza mzigo. Springi mpya haibadilishi nguvu ya chasisi, ya breki wala ya beringi za magurudumu.

Madereva wengi hupatwa na mshangao kwa kuwa wanahesabu vitu vikubwa na kusahau vimiminika. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na lita 1 ya dizeli ni gramu 840 hivi. Jerikani ya chuma ya lita 20 ikijaa dizeli inakaribia kilo 21. Nne zikipangwa kwenye keria ni zaidi ya kilo 80, juu kabisa, mahali ambapo kila kilo inalilaza gari kuliko pengine popote.

Mahali mzigo ulipo ni muhimu kama uzito wenyewe. Chukua kilo 100 za tairi mbili za akiba, chuma kinachozishika na sanduku la vifaa, zote zikining'inia mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli za 78 ni mita 2.98. Mzigo huo hauongezi kilo 100 nyuma. Unaongeza kama 134, kwa sababu unalibeua gari na kunyanyua kilo 34 kutoka magurudumu ya mbele. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na dereva anarekebisha kila sekunde akiwa kwenye lami iliyonyooka. Hamishia tangi la maji kati ya ekseli, chini, karibu na sakafu. Jerikani zishushwe kutoka kwenye keria. Friji na betri ya ziada zisikae upande mmoja na tangi. Gari linaloinamia upande mmoja likiwa limesimama litakwenda kona za upande mmoja vizuri na za upande wa pili vibaya.

Magari mengi yanapona nusu hapa, kabla spana haijaguswa.

Upepo

Pima matairi asubuhi, yakiwa baridi. Kwa matairi ya kubeba mzigo ya 235/85R16 au 7.50R16, anza lami na PSI 36 hadi 40 mbele na 45 hadi 50 nyuma, kisha ulirekebishe kulingana na mizani uliyopima. Baada ya saa moja ya mwendo pima tena. Ukikuta upepo umepanda zaidi ya PSI 6, tairi lilikuwa na upepo mdogo na limechemka. Ukipanda chini ya 4, ulijaza mno.

Kwenye vumbi lenye rasta, kama ile ya kutoka Lango la Naabi kwenda Seronera, Serengeti, shusha kwa robo hivi na upunguze mwendo pia. Upepo wa lami kwenye rasta unalifanya tairi lirukeruke badala ya kukanyaga, na gari linateleza kana kwamba kuna tope. Ukirudi lami, jaza kabla ya kukimbia. Pampu ndogo ya betri haina mbadala kwa gari la aina hii.

Tafuta kilicholegea

Weka gingi, inua mbele kwa jeki, shusha kwenye stendi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile mbili ndogo ndani ya ngumi ya gurudumu, moja juu na moja chini, ambazo hukazwa kwa vipande vyembamba vya bati. Kubadilisha sili na grisi bila kupima tena ukazo wake kwa mizani ya kuvuta ni kazi nusu, nayo ni kosa la kawaida sana.

Sasa shika tairi kushoto na kulia. Mchezo hapo unaashiria tairodi au boksi ya usukani. Shusha gari, injini ikiwa inanguruma, mtu azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kuacha, wewe ukitazama rodi ya panhard, ile fimbo ndefu inayotoka kwenye chasisi upande mmoja hadi ekseli upande mwingine. Mwisho wake wowote ukihama kabla ekseli haijaguswa, bushi imekwisha. Angalia pia bushi za mikono ya mbele, tatu kila upande: mbili kwenye ekseli, moja kwenye chasisi. Mpira uliochanika huonekana kama mdomo uliofunguka kuzunguka chuma cha kati.

Usukani ukitetemeka kwa fujo kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa baada ya kugonga shimo, fuata mpangilio huu: balansi ya matairi, beringi za magurudumu, bushi za panhard, beringi za kingipini, tairodi. Shokapu ya usukani iwe ya mwisho. Ukianza nayo, mtetemeko utapoa kwa miezi michache huku kilicholegea kikiendelea kulika.

Springi za nyuma

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wa safari. Andika. Kisha tazama bapa lenyewe: likiwa na mzigo linatakiwa kuwa karibu limenyooka. Likiwa limepinda kinyume, kama bakuli lililofunikwa, limekwisha au ni dogo kwa kazi hiyo. Kati ya ekseli na stopa ya mpira pabaki nafasi ya sentimita 6 hadi 8 angalau.

Nunua springi kwa uzito unaokaa garini siku zote, si kwa uzito wa safari moja ya mwaka. Watengenezaji huzipanga kwa kilo za mzigo wa kudumu, kwa mfano 300 au 600. Gari lenye kilo 350 za makabati na tangi likifungwa springi za kilo 600, nyuma inakuwa ngumu kama ubao, tairi linaruka kwenye rasta na abiria wa nyuma wanagonga paa.

Je, kuongeza jani moja kwa fundi wa mtaani? Inawezekana, na kwa mzigo mdogo inafanya kazi. Tatizo ni kwamba jani moja nene lililotolewa kwenye lori halipindi sawa na mengine. Linabeba mzigo wote karibu na bolti ya katikati, na jani kuu hukatika hapohapo. Ukiongeza, jani liwe na unene na mpindo unaofanana na yale mengine, na lipishane nayo kwa urefu hatua kwa hatua.

Wakati wa kufunga, mambo mawili huharibu springi mpya. La kwanza, kurudisha yubolti za zamani. Yubolti hurefuka ikikazwa. Ya zamani haishiki tena, ekseli inahama milimita chache, bolti ya katikati inakatwa, na gari linaanza kwenda upande kama kaa. La pili, kukaza bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Mpira unashikwa ukiwa umejipinda, gari likishuka unajisokota, na ndani ya safari chache umechanika. Zikaze kwa mkono tu, shusha gari likae na uzito wake, litingishe mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Pini zenye nipo za grisi zitiwe grisi mpaka mpya itokeze pembeni.

Puto za hewa zinazowekwa kati ya chasisi na springi zinavutia kwa sababu unapandisha nyuma kwa kujaza upepo tu. Kwa 79 yenye kibanda kizito kinachotokeza nyuma, ni hatari. Springi ya bapa hugawa mzigo sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli. Puto linausukuma sehemu moja, juu ya ekseli. Chasisi hupinda nyuma ya kabini. Puto ni la kusawazisha, halibebi uzito uliozidi.

Shokapu

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Springi ngumu iliyofungwa na shokapu za kiwandani hudunda kama mpira, kwa sababu shokapu haina nguvu ya kuizuia inaporudi. Zinunuliwe pamoja, zikiwa zimepangwa kwa uzito uleule na kwa urefu uleule wa gari lililoinuliwa. Shokapu fupi kwa gari lililopanda sentimita 5 hufika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na siku moja kichwa chake kinang'oka.

Namna rahisi ya kujua iliyokufa: baada ya nusu saa ya barabara mbovu, simama na usogeze nyuma ya kiganja karibu na kila moja bila kuishika. Zinazofanya kazi zimechemka. Iliyo baridi kuliko wenzake haifanyi chochote. Mafuta yanayochuruzika na tairi lililolika kwa vibonde vibonde ni ushahidi mwingine. Kuligandamiza gari kwa mikono na kuhesabu mara linavyonesa hakusemi mengi kwa gari zito hivi.

Nati za shokapu zenye bushi za mpira zikazwe mpaka mpira utanuke kufikia ukingo wa washa, basi. Ukizidisha, mpira unakatika kwenye rasta.

Kasta na alaimenti baada ya kuinua

Kila sentimita 2.5 unayoinua mbele hupunguza kasta kwa digrii 1 hivi, kwa kuwa mikono ya mbele inazungusha ekseli. Ukiinua 5, umepoteza kama 2, na usukani haurudi wenyewe katikati baada ya kona. Dawa ni bushi zenye tundu lisilo katikati, au vibati vya kurekebisha. Lenga digrii 3 hadi 4. Bushi hizo zina alama ya upande. Zikisukumwa kinyume zinapunguza kasta zaidi, na gari linatoka gereji likiwa baya kuliko lilivyoingia. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Upana wa mbele na nyuma wa matairi unaweza kuupima mwenyewe. Inua mbele, zungusha kila tairi ukiwa umeshikilia msumari kwenye mpira upate mstari mwembamba. Shusha, sukuma gari mbele mita chache. Pima kutoka mstari hadi mstari kwa usawa wa kitovu cha gurudumu, upande wa nyuma, kisha wa mbele. Mbele pawe padogo kwa milimita 0 hadi 2.

Nyuma ya magari haya yenye koili mbele ni nyembamba kuliko mbele, ndiyo maana kwenye mchanga magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya mbele. Ni umbo lake la kiwandani, halijaharibika. Spesa za bei rahisi za kutanua nyuma huongeza mzigo kwa beringi na stadi za gurudumu.

Stabilaiza, fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona, iachwe mpaka hapa. Badilisha kwanza bushi na linki zake. Nene zaidi nyuma itapunguza kulala, lakini kwenye tope au utelezi mkia utachomoka mapema.

Valvu ya breki za nyuma

Hii husahauliwa hata na mafundi wazuri. Nyuma, kati ya chasisi na ekseli, magari mengi yana mkono wa chuma uliounganishwa na valvu inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiinua nyuma, valvu inadhani gari halina mzigo, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati umebeba tani. Kabla ya kufungua chochote, pima pembe ya mkono huo. Baada ya kufunga springi, rekebisha kishikio chake mpaka pembe irudi ileile. Papo hapo hakikisha pipu za mpira za breki hazivutiki gurudumu likining'inia, na ushushe taa za mbele.

Kaza tena yubolti na bolti zote ulizogusa baada ya kilomita 100, kisha 500. Chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na chuma chini yake. Ukichungulia asubuhi kambini na mstari haujavunjika, nati haijazunguka.