Chensoo Mtumba Iliyochoka: Namna ya Kuamua Kama Inafaa Kufufuliwa

Kuanzia Mafinga hadi Njombe, kila penye biashara ya mbao pana karakana yenye chensoo mbili tatu zimelala chini ya benchi zikisubiri spea. Nyingi ni Stihl 070, yale madude makubwa ya kupasulia, nyingine ni Stihl 381 na Husqvarna za saizi ya kati. Mwenye nazo kazichoka na anataka hela ya haraka. Wewe ukiitazama unaona mashine ya nusu bei.

Mwongozo huu ni wa hapo, kabla hujafungua pochi. Unahitaji spana ya chensoo yenyewe, bisibisi, tochi, kipande cha katoni safi na muda wa kutosha bila mwenye mali kukuharakisha. Hatua nimezipanga kwa makusudi: zinazoua mashine ziko mwanzo, za gharama ndogo ziko mwisho. Ukikwama kwenye moja ya zile za mwanzo, huna haja ya kuendelea. Na usianze kwa kuuliza kama spea zinapatikana. Uliza ilikufa kwa nini. Spea za 070 zimejaa madukani, halali na za kuiga, lakini sababu iliyoua pistoni ya kwanza ikibaki ndani itaua na ya pili.

Hatua ya 1: Ikute ikiwa ya baridi

Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Kama ina joto, muuzaji kaiwasha kabla yako ili isikusumbue mbele yake. Iache ipoe kabisa. Chensoo yenye matatizo mara nyingi huyaonyesha asubuhi ikiwa ya baridi, au dakika kumi baada ya kuzimwa ikiwa ya moto sana.

Wakati inapoa, ikague nje. Nambari iliyopigwa kwenye bodi iwepo na isiwe imesagwa kwa tupa, kwa sababu chensoo ni kati ya vitu vinavyoibwa sana msituni. Mauziano yaandikeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na nambari hiyo iandikwe.

Halafu tafuta nyufa. Kava la klachi likipasuka, mpini ukivunjika, kava la kamba likitoboka, hivyo vyote vinabadilishwa. Ufa ulio kwenye bodi ya injini yenyewe, pale beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zinapokaa au boliti za silinda zinapoingia, ni habari nyingine. Bodi hiyo kwenye mashine za kazi ni ya magnesiamu. Kuichomelea kunahitaji fundi na vifaa ambavyo karakana nyingi za mtaani hazina, na unga wake ukishika moto hauzimwi kwa maji. Ukiona weldi ya zamani hapo, weka chini, shukuru, ondoka.

Hatua ya 2: Vuta kamba polepole

Swichi ikiwa imezimwa, vuta kamba taratibu mpaka uhisi mkono unakataliwa. Kompresheni nzuri (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inasukuma nyuma, na ukiendelea kuvuta unahisi mapigo yanayolingana. Kamba ikija laini tu, ringi za pistoni zimekwisha, au pistoni imechanika, au kuna mahali hewa inatoroka. Kama 070 unayoipima ina vali ya kupunguza kompresheni, hakikisha imefungwa kwanza.

Ukiwa na geji, toa plagi, funga geji, bonyeza resi hadi mwisho, vuta kwa nguvu mara tano au sita mpaka mshale usimame. Injini yenye afya inasoma karibu na psi 150 au zaidi. Kwenye 120 bado inafanya kazi ila imechoka. Chini ya 100 kuiwasha ni vita, na hapo hesabu silinda na pistoni.

Angalia pia plagi ikitoka. Ikiwa imelowa oili nzito, na mashine ikiwaka inatoa wingu la moshi kwa dakika nzima, kuna mtu kamimina oili kwenye tundu la plagi. Oili hiyo inaziba nafasi ya ringi na kupandisha kompresheni kwa muda mfupi, muda unaotosha kukuuzia. Ipige resi mpaka moshi uishe, izime, kisha pima tena.

Hatua ya 3: Fungua eksozi uisome pistoni

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki. Boliti za eksozi ni chache, na nyuma yake kuna dirisha linaloingia moja kwa moja kwenye silinda. Muuzaji asiyetaka uifungue amekwisha kukujibu.

Zungusha flaiwili (gurudumu la feni lililo upande wa kamba) kwa mkono hadi pistoni izibe tundu, kisha mulika. Pistoni nzima inang'aa kijivu, na ukiangalia karibu unaona mistari myembamba ya kulala iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Mistari hiyo ikiwepo bado, pistoni haijaliwa. Usiogope masizi ya kahawia au meusi juu ya kichwa chake.

Mikwaruzo ya kusimama ndiyo inayosema. Ikiwa upande wa eksozi peke yake, mashine ilichemka: petroli ilikuwa pungufu kuliko hewa, au kuna hewa ya ziada iliyokuwa ikiingia kwa siri. Ikiwa upande wa kabureta, na pistoni imekuwa na rangi ya kufifia kama iliyopigwa msasa, hilo ni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa. Chungulia na upande huo kwa kutoa filta na kabureta. Ikiwa imezunguka pande zote, mtu alijaza petroli tupu bila oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli. Kwa ajabu, hiyo ya tatu ndiyo inayonipa moyo zaidi. Sababu yake ilikuwa mkononi mwa mtu, si ndani ya mashine, kwa hiyo ukibadilisha vilivyoungua huna adui aliyejificha. Ila beringi za krenki nazo zilikosa oili siku hiyo, zikague vizuri katika hatua ya nne. Ya vumbi ndiyo ninayoiogopa, maana vumbi halikuishia kwenye pistoni, lilishuka hadi kwenye beringi za chini.

Sasa ukuta wa silinda. Pitisha ukucha kwenye alama unazoziona. Mara nyingi kinachoonekana kama mchubuko ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia juu ya ukuta. Hiyo inasafishika kwa msasa laini, kwa mkono na kwa subira, na silinda ikabaki nzima. Ukucha ukikwama ndani ya mfereji, au ukaona ganda la juu limebanduka kwenye kingo za matundu, silinda hiyo imekufa.

Fundi wa pikipiki akikwambia ataichonga na kuweka pistoni ya oversaizi, mkatalie. Silinda ya bodaboda ina bomba la chuma ndani, ndiyo maana inachongeka. Ya chensoo ni alumini iliyopakwa tabaka jembamba na gumu sana la kromu au nikeli. Ukilichonga umelimaliza, na pistoni mpya itasaga alumini tupu. Hapa ni kununua silinda na pistoni pamoja, au kuacha.

Hatua ya 4: Krenki, beringi na sili

Shika flaiwili, isukume juu na chini. Isicheze hata kidogo. Kisha iweke pistoni katikati ya safari yake na uzungushe flaiwili kidogo mbele na nyuma, ukisikiliza: mlio mdogo wa "tak" kabla pistoni haijasogea ni kono (mkono unaounganisha pistoni na krenki) lililonoki, yaani lililolegea. Kono kusogea pembeni kidogo ni kawaida. Kupanda na kushuka si kawaida.

Beringi peke yake zinabadilishika. Krenki iliyonoki kwenye mashine ndogo ya kukatia matawi haina faida kuigusa. Kwenye 070 au 381 inaweza kulipa, ikiwa kila kitu kingine ni kizima na wewe mwenyewe ndiye utakayeipasua bodi. Ukimlipa fundi kwa kazi hiyo, hesabu inageuka.

Sili mbili za krenki (mipira inayozuia hewa kupita kwenye ncha zake) ndizo zinazoua pistoni nyingi kimyakimya. Bei yake ni ndogo. Zikikakamaa zinapitisha hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inachemka. Kama mashine inawaka, iache iungurume bila kubonyeza resi, kisha ilaze ubavu huu na ubavu ule. Sauti ikipanda yenyewe unapoilaza, au ukiachia resi ikachelewa kushuka, hewa inaingia. Kuna mafundi wanaopuliza petroli kwenye maungio ya injini ya moto ili kusikia mabadiliko. Usiige.

Mashine isiyowaka kabisa huwezi kuipima sili hivyo, basi hesabu tu kwamba utazinunua zote mbili.

Hatua ya 5: Cheche na mafuta

Hapa usipoteze muda. Plagi ikigusishwa bodi, mbali na tundu lake na mbali na petroli, itoe cheche unapovuta kamba. Isipotoa, jaribu plagi mpya, kisha chomoa waya wa swichi. Bado hakuna? Koili, na bei yake unaijua. Kabureta iliyolala na petroli miezi mingi huwa na ngozi za ndani zilizokakamaa. Kiti yake (seti ya ngozi hizo na gasketi) na mpira wa petroli ni vitu vya bei ndogo. Sijawahi kukataa mashine kwa sababu ya kabureta.

Hatua ya 6: Mnyororo, bamba, sproketi, pampu ya oili

Hivi vyote vinaliwa na kazi, kwa hiyo havikuamulii, vinakupunguzia bei tu. Meno ya mnyororo yakibaki chini ya milimita 4, hesabu mnyororo mpya. Bamba (upanga unaobeba mnyororo) lenye kingo zilizopanuka litauyumbisha mnyororo hata ukinoa vipi. Sproketi (gia inayousukuma mnyororo) yenye mifereji ya kina cha nusu milimita ibadilishe pamoja na mnyororo, la sivyo ya zamani itaula mnyororo mpya.

Pampu: mashine ikiwaka, elekeza ncha ya bamba kwenye katoni bila kuigusa, piga resi. Mstari wa oili utokee. Ukikosekana, mara nyingi ni oili chafu ya gari iliyoziba njia, tabia iliyoenea mno, na inasafishika.

Hatua ya 7: Breki na mtetemo

Hili wengi hawalitaji kwa sababu halizuii mashine kuwaka. 070 nyingi hazina breki ya mnyororo, na hazina mipira ya kupunguza mtetemo. Ncha ya bamba ikigonga kitu, chensoo inarudi usoni na hakuna kinachousimamisha mnyororo. Mtetemo nao ukizoeleka miaka mingi unaharibu mishipa ya damu na neva, vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, na uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma. Kwa anayepasua magogo akiwa ameisimika kwenye fremu, 070 bado ina nafasi. Kwa kuangusha miti na kukata matawi, mimi siifufui 070 hata ukinipa bure. Natafuta 381 au mfano wake yenye breki inayoshika. Ijaribu breki hiyo: mnyororo ukizunguka, sukuma kinga ya mbele, usimame papo hapo.

Hatua ya 8: Hesabu

Namba hizi ni za kuonyesha njia, weka za mtaani kwako. Tuseme mashine kama hiyo, mtumba lakini inakata, inauzwa laki nane. Hii anaitaka laki mbili. Silinda na pistoni, sili, kiti ya kabureta, plagi, filta, mnyororo na sproketi vinafika laki tatu. Juu ya spea ongeza theluthi yake, laki moja, kwa ajili ya yale utakayoyakuta ukishaifungua. Yapo siku zote. Jumla laki sita.

Mpaka wangu ni theluthi mbili ya bei ya nzima, yaani laki tano na kidogo. Kwa hiyo hapa nampa laki moja au naondoka. Akikubali laki moja, jumla ni laki tano, twende.

Kopi za 070 za Kichina zina hesabu yake. Spea zake ni rahisi, lakini uzi wa boliti kwenye bodi huliwa upesi, na silinda za kuiga hazifanani ubora hata zikitoka sanduku moja. Kopi naifufua ikihitaji vitu vidogo tu. Ikishadai silinda, naichukua kwa bei ya skrepa nitoe koili, kabureta na flaiwili.

Hatua ya 9: Ukishaamua kuifufua

Usianze na pistoni. Anza na sili, mpira wa kabureta na gasketi zote, halafu silinda na pistoni, kisha kabureta, mwisho mnyororo. Filta iliyotoboka itupe, usiishone. Na kabla hujaiingiza kwenye msitu wa hifadhi ya serikali, pitia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya kwa ajili ya vibali.

Tangi la kwanza changanya mililita 40 za oili ya 2T kwa lita moja ya petroli. Skrubu ya kabureta ya resi ya juu ifungue kidogo zaidi ya kawaida, mpaka mashine ikipigwa resi bila mzigo itoe mlio wa kukatikakatika, na ikigusa gogo mlio unyooke. Kata magogo madogo, usiipige resi ndefu hewani. Tangi likiisha iache ipoe, kaza tena boliti za silinda, fungua eksozi na umulike. Ukiona mchirizi mpya upande huo, usiongeze petroli: kuna hewa inaingia mahali hujapaona, na pa kuanzia kutafuta ni sili ya upande wa klachi.