Kabla hujachukua fomu, anza na simu yako

Dada yangu unayetaka kugombea, kabla hujaenda kuchukua fomu kaa chini na simu yako. Badilisha pasiwedi zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili WhatsApp na Facebook. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ukikuta usiyoijua kaifute. Picha za watoto wakiwa na sare za shule toa, zote.

Sasa hili la ushahidi nisikilize vizuri. Mwaka 2020 niliomba udiwani viti maalum hapa Moshi, siku mbili kabla ya kura za maoni ikarushwa picha kwenye grupu la kata. Ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa dada kule Kibosho, nimekaa na shemeji nimeshika kibuyu cha mbege, na dada yangu aliyekaa upande wa pili wamemkata, ukiangalia vizuri unaona vidole vyake vimebaki begani kwa mume wake. Chini wameandika huyu ndo anaomba kura za akina mama huku anawachukulia waume zao. Nilitetemeka, nikafuta kila kitu, nikablok, nikatoka kwenye grupu. Kesho yake niko Dawati la Jinsia polisi, askari ananiuliza kwa upole kabisa, mama hiyo picha iko wapi? Sina. Namba ya aliyerusha? Sina. Nikapigia wenzangu wa grupu mmoja mmoja, wengine wakasema hawakuiona, na mwenyewe alishafuta kwa wote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, kifungu cha 23 cha unyanyasaji wa mtandaoni, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, ila mimi nimeenda mikono mitupu.

Kwa hiyo skrinshoti kwanza, namba yenyewe ionekane sio jina ulilosevu, na tarehe na saa, mtumie mtu unayemwamini, ndo ublok. Usijibu matusi kwa matusi, sheria hiyo hiyo itakugeukia.

Nyumbani waambie mapema yanayoweza kuja. Mama yangu alionyeshwa ile picha nje ya kanisa, na mtu mwingine, mimi bado natafuta pa kuanzia kumwambia. Halafu simu usiiache inachaji ofisi ya kampeni, na vikao vya usiku uwe na bodaboda unayemjua, usipande tu yeyote.