Praktiko ya unesi iko karibu: zoeza mikono kabla ya noti

Wenzangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na huko kote, najua saa hii mnakesha na noti, lakini praktiko, yaani mtihani wa vitendo, haipimi venye umekariri, inapima venye unamshika mgonjwa. Mimi mara ya kwanza niliingia na prosija yote kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa troli, sikunawa, sikumuuliza mama jina, alama zikaenda kabla hata sijagusa sindano na iliniuma sana.

So anza na mikono. Maji na sabuni ni sekunde 40 mpaka 60, ile dawa ya spiriti ya kupaka ni 20 mpaka 30. Unanawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi yoyote inayotaka usafi kabisa kama kuweka dripu, baada ya damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vyake hata kama ni kitanda tu. Hiyo ya mwisho ndio watu husahau. Na kuvaa glovu si kunawa, tafadhali.

Halafu jina. Usiulize "wewe ni Achieng'?", mtu mwenye homa kali ataitikia ndio kwa kila kitu, na kwa wodi zetu unaweza pata kina Achieng' watatu upande mmoja. Sema "mama, niambie majina yako yote", linganisha na faili, umweleze unataka kufanya nini, ungoje akubali, vuta pazia. Ongea kwa sauti, juu mtahini hawezi kukupa alama ya kitu uliwaza tu.

Vipimo sasa. Mapigo ya mtu mzima ni 60 mpaka 100 kwa dakika, pumzi 12 mpaka 20. Pumzi usimwambie unahesabu, akijua anabadilisha, wewe endelea kushika mkono wake kama bado unapima mapigo huku unaangalia kifua, dakika nzima. Sisi tulikuwa tunafanyiana hivo jioni kwa nyumba huko Manyatta, mmoja anapika sukuma mwingine anamhesabia pumzi, na ilisaidia kuliko kitabu. Presha, mgonjwa akae kwanza dakika 5 bila kuongea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo, na ule mkanda wa kufunga mkononi umtoshe, ukiwa mdogo utakudanganya presha iko juu.

Hesabu ya dripu wengi wanaogopa bure. Mililita zidisha na matone ya seti (ule mpira wa dripu, matone mangapi hufanya mililita moja), gawanya kwa dakika. Umeambiwa lita moja kwa masaa 8 na seti ni ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20 ni 20,000, gawanya kwa 480, unapata 41.7, basi matone 42 kwa dakika. Kosa ni kusahau kugeuza masaa kuwa dakika, so andika hiyo 480 kwanza kabisa.

Dawa ni mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi, njia, saa. Soma lebo mara 3: ukiitoa, ukiipima, na ukiwa kando ya kitanda kabla ya kumpa. Hata kama mtahini anakuharakisha, soma.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza mgeuze kila masaa 2, ukimgeuza angalia kisogo, viwiko, makalio, visigino. Ngozi ikiwa nyekundu, au kwa ngozi yetu nyeusi ikionekana imekolea zaidi ama ina joto na ugumu, usiisugue, toa uzito hapo na uripoti.

Mwisho unaandika, saa na sahihi yako, na unaandika baada ya kufanya. Dawa mama hajameza haiandikwi, hata kama ameishika mkononi na maji yako hapo.